Kiatu Kipya Hulegea

4 Machi

Shemeji yangu,

Kabla hujaanza kununa, najua barua hii imechelewa. Ulisema nisipoandika kabla ya mwisho wa mwezi utanihesabu marehemu. Nipo, nimekaa, natafuna kalamu. Hapa nyumbani sote hatujambo kasoro mmoja, na huyo mmoja nitamfikia sasa hivi, nipe nafasi nizunguke kidogo.

Paa la mbele, juu ya meza yangu ya kazi, lilivuja mvua ya juzi likanilowanishia ngozi mbili nzuri. Muuza maziwa ameacha kupita mtaa wetu, anadai mbwa wa yule mwalimu mstaafu ana chuki naye binafsi. Mimi macho yameanza kunisaliti. Uzi unaingia kwenye sindano mara ya nne, na zile tatu za kwanza nailaumu sindano. Masikio yako je? Mdogo wako anauliza kama mitambo ya kiwanda chenu imekuachia hata sikio moja la kusikilizia umbea. Nimemwambia ndiyo maana tunaandikiana, kwa simu ungeitika "nini?" mpaka tukeshe.

Sasa yenyewe. Chiriku wangu, mdogo wako, anaumwa. Usiruke, kaa. Mdomo ni mzima, hilo jina hatujampokonya. Ni mguu wa kulia. Kilianza kidonda kidogo pembeni ya kidole cha mwisho, ukubwa wa punje ya mahindi. Kilitokea tu, unajua tena watu wenye sukari. Tulikiosha, tukakipaka dawa, hakikusikia. Leo yuko wodini wiki ya tatu na kidole kimekuwa cheusi. Daktari, kijana mmoja mpole mwenye viatu vibovu kabisa, aliniita pembeni akasema mguu ukatwe chini ya goti, upesi, kabla weusi haujapanda. Akikatwa ana nafasi nzuri. Asipokatwa hana.

Amekataa. Anasema, "Nimekuja duniani na miwili, naondoka na miwili." Nimembembeleza, nimegomba, nimelia mbele ya wagonjwa kumi na wanne, mtu mzima mimi. Akaniambia nijifute kamasi, wenzake wanakula.

Shemeji, anakusikiliza wewe tu. Mwandikie. Mtoto hatukujaliwa, unajua. Akienda huyu, nyumba hii itabaki na mimi na nyundo.

Shemeji yako,
Fundi


19 Machi

Wewe Fundi,

Barua yako ilikaa siku tatu kwa karani wa getini, alikuwa anawekea kikombe cha chai juu yake. Nimeipata ina duara la kahawia. Nimemtukana, na mimi siku hizi sijui sauti yangu ni kubwa kiasi gani, ila niliona zamu nzima imegeuka.

Huku tupo. Mitambo imeongezwa sita, watu wamepunguzwa kumi. Kazi yangu ni ile ile: natazama nyuzi, ukikatika mmoja naukimbilia, naufunga, narudi. Saa nane kwa miguu. Jirani yangu wa chumba cha pili, yule mpiga pasi, ameolewa tena, na huyu mume naye ana sura ya kutoroka. Mimi naumwa hapa na pale, ya uzee hayo, tuyaache.

Humu ndani imo bahasha ya mdogo wangu peke yake. Usiifungue. Najua utaishika kwenye mwanga wa dirisha, ndiyo maana nimeikunja mara mbili.

Nimemwandikia habari za mama. Wewe mama yetu umemwona kwenye picha tu. Alikataa hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, na alipokuja kukubali daktari hakuwa tena na pa kukata. Mimi ndiye niliyekuwa nashika beseni kila bendeji ilipofunguliwa. Chiriku alikuwa mdogo, saa hiyo tulikuwa tunamtuma dukani, tena duka la mbali makusudi. Kwa hiyo yeye haijui harufu ile. Mimi naijua, na niliposoma barua yako ilinijia puani.

Usigombane naye. Ukigomba atashindana, na kwa mashindano humwezi. Mtanie, halafu omba, halafu mtanie tena. Nami nitaomba likizo nije. Msimamizi anasema labda mwezi wa tano.

Shemeji yako


6 Aprili

Shemeji,

Natumai barua hii imefika bila chai juu yake. Paa nimeliziba kwa kipande cha ngozi na lami, limeanza kuvuja pengine. Mwalimu mstaafu amekuja kunipa pole mara mbili, na mara zote mbili mbwa ameingia dukani akala kipande cha soli.

Chiriku ameisoma barua yako. Alicheka, akalia, akaiweka chini ya mto. Nikadhani tumepata. Nikamwambia, "Basi, nimwite daktari?" Akasema, "Mwite, nimsalimie." Amekataa tena. "Ulinioa mzima, unataka kubaki na nusu?" Nikamwambia hata robo naitaka. Akanishika shavu, mambo ambayo hafanyi mbele za watu, kisha akageukia ukutani. Jibu lake kwako ndilo hili nimelifunga pamoja. Amelibandika kwa gundi yangu ya viatu, aliniagiza niipeleke wodini kwa kazi hiyo. Andaa kisu.

Weusi umefika katikati ya unyayo. Daktari ametoa wiki mbili, na nesi aliyekuwa anafunga bendeji alisema polepole kwamba hata hizo ni nyingi.

Sasa kuna jambo. Kila mtu ameniuliza kidonda kilianzaje. Daktari, nesi, mwalimu mwenye mbwa, mama wa kitanda cha jirani. Wewe hukuuliza. Wewe, ambaye nikisema nimenunua vitunguu unauliza fungu lilikuwa na vingapi! Nimeisoma barua yako mara nne nikilitafuta swali hilo. Sijui kwa nini umeniacha, ila kwa kuwa hukuuliza nimeona nitasema, maana yamenifika hapa shingoni.

Ukutani kwangu zipo kalibu zaidi ya mia, ile miguu ya mbao tunayoshonea viatu juu yake. Kila mteja ana yake. Ya Chiriku niliichonga mwaka tuliooana, mti mgumu, nikaisugua msasa wiki nzima. Miaka miwili hii alikuwa anavaa kandambili tu, ndani na nje, mtaa ukawa unanicheka: mke wa fundi viatu, miguuni plastiki! Nilidhani ni uvivu. Sikuuliza. Mwezi wa kwanza tulitimiza miaka thelathini na moja, nikataka kumshangaza, nikamshonea viatu vya kufunika, ngozi ya rangi ya tofali, kisigino cha vidole viwili. Tangu nijifunze kazi sijazishona vizuri hivyo zile nyuzi za pembeni.

Sikumpima, shemeji. Anayepita mlangoni kwangu, hata kama nilimpima juzi, namwambia kaa, vua, lete mguu. Mke wangu sikumpima. Nilijiambia fundi gani anapima mguu aliolala nao miaka thelathini na moja? Nikashona juu ya ile kalibu ya arusi yetu.

Alipovijaribu akasema vimemkaa kama ngozi yake. Mwezi wa pili akavivaa kwenye arusi ya binti wa jirani, akacheza toka saa nane mpaka jua likazama. Mimi nimekaa kwenye kiti navitazama viatu. Viatu, wala si yeye. Tuliporudi nikamvua mwenyewe, soksi imelowa damu. Yeye bado anaimba, hana habari, mguu ulishakufa ganzi. Aliponiona nimenyamaza akatazama chini, akasema, "Aa, nilijikwaa pale kwenye ngazi." Upesi hivyo. Nami nikashukuru. Nikasema kweli, ngazi ile mbaya. Na kwa daktari nikasema ngazi.

Nadhani mwenyewe anaamini ni ngazi. Sasa niambie, nimwambie? Nikimwambia akakasirika, atakataa kwa hasira na itakuwa ndiyo basi. Nisipomwambia, nakaa pale kila siku namsihi akatwe mguu nilioula mimi. Nijibu upesi.

Fundi


24 Aprili

Shemeji,

Salamu za hapa ni zile zile.

Sijapata jibu. Wiki mbili za daktari zimekwisha juzi. Weusi umepita kifundo. Sijamwambia kitu, kila nikifungua mdomo naona atageukia ukutani. Kama umenikasirikia, nitukane, lakini nitukane kwa maandishi nipate kusoma. Mtu akinyamaza simwelewi.

Fundi


28 Aprili

Fundi,

Salamu nitakupa mwisho, kama bado utazitaka. Habari za huku ni kwamba mitambo inazunguka.

Barua yako ya maungamo ninayo tangu tarehe kumi na tano. Leo ni siku ya kumi na tatu. Nimeibeba kwenye mfuko wa aproni, nimeitoa, nimeirudisha, mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Siku hizo ziweke juu yangu, usimpe mtu mwingine.

Sikuuliza kidonda kilianzaje kwa sababu nilijua. Nilijua kabla yako. Mwezi wa kwanza, kabla ya arusi ya huyo jirani yenu, mdogo wangu aliniandikia. Nakunakilia:

"Dada, Fundi kanishonea viatu. Kavificha chini ya kitanda wiki mbili akidhani sioni. Vizuri, dada, utalia. Ila vinabana kidole cha mwisho. Miguu yangu siku hizi inasikia kwa mbali, kama mtu anayeniita kutoka chumba cha pili, lakini kubana nakusikia. Nimwambie? Ungemwona anavyocheka! Sijamwona akicheka vile tangu tulipokata tamaa ya mtoto. Nifanyeje?"

Na mimi dada mtu, niliyeshika beseni la mama, mwenye akili zangu, nikamjibu hivi: "Vaa tu, mdogo wangu. Kiatu kipya ni kama mume mpya, hubana, kisha hulegea." Nikacheka peke yangu hapa chumbani. Nikajiona nimesema!

Kwa hiyo ukimtafuta wa kulaumiwa, foleni inaanzia kwangu. Ndiyo maana nilikaa kimya. Nilikuwa nakuacha ulibebe peke yako, nami nakutumia salamu.

Sasa sikiliza hili, ndilo kubwa. Gundi yako ni nzuri, nimeifungua bahasha yake kwa kisu cha kukatia nyuzi. Ameandika:

"Habari za mama nimezielewa, dada, hukuwa na haja ya kuniandikia na harufu. Lakini fikiria. Nikikatwa, nitarudi nyumbani, nitakaa kwenye kiti changu pale mbele ya meza yake, naye atashona huku anautazama. Kila siku ya Mungu. Na ipo siku atajua ni viatu, ana akili yule, anajifanya tu. Nikifa, watasema sukari, kama mama, yatakwisha. Kaburi haliwi mbele ya meza. Usimwambie chochote, ukimwambia nitakutokea usingizini."

Basi anitokee. Fundi, mdogo wangu haukatalii mguu. Anakukinga wewe usijue jambo ambalo unalijua, nawe unamkinga yeye asijue jambo ambalo analijua tangu mwezi wa kwanza. Mnakufa wote wawili kwa heshima! Nenda wodini sasa hivi. Mwambie unajua, mwambie mimi ndiye niliyesema, mwambie hana tena cha kuficha. Barua hii usiimalize, nenda.

Salamu kwake.

Shemeji yako


16 Mei

Shemeji,

Naandika salamu kwa kuwa mkono umezoea. Mimi mzima. Mtaa mzima. Paa bado linavuja.

Mdogo wako amefariki Jumapili, tarehe kumi na moja, asubuhi, kabla ya chai. Tumemzika Jumatatu. Nilituma ujumbe ofisini kwenu siku ile ile. Sikukuona, na sikuulizi kwa nini, sina nguvu ya kusikia jibu.

Barua yako ilikuwa imefika Jumatano, siku nne kabla hajafa. Niliisoma nimesimama, sikuimaliza kama ulivyosema, nikafunga duka na mteja ndani. Kweli. Mwalimu mstaafu ndiye aliyemsikia akigonga. Nilifika hospitali si saa ya kuona wagonjwa, askari wa mlangoni akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kumwambia mke wangu kweli. Akafikiri kidogo, akanipisha.

Nikamwambia, "Chiriku, haikuwa ngazi."

Akavuta shuka, akaufunika mguu.

"Ni viatu. Sikukupima."

Alinyamaza, shemeji. Chiriku, kunyamaza! Halafu akasema, "Yule dada yangu hafai kupewa hata siri ya uji."

"Kwa nini hukuniambia vinabana?"

"Ulikuwa unacheka."

"Chiriku, mguu!"

"Mguu nilikuwa nao siku zote, Fundi. Kicheko chako nilikuwa sijakiona miaka ishirini. Hata hivyo kingepita, nilijua, kila kitu chetu kinapita. Nikasema acha kipite nimekivaa."

Akamwita nesi mwenyewe, akaomba karatasi, akatia sahihi. Hakuchukua hata dakika mbili. Miezi miwili ya kumbembeleza, na ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Alhamisi wakamkata, juu ya goti sasa, chini hapakufaa tena. Alipotoka chumba cha upasuaji daktari hakuniambia tumechelewa. Alitazama viatu vyake vibovu, nikajua. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, homa haikushuka.

Kwa hiyo tulipata siku tatu. Nitakueleza zilivyokuwa maana wewe ndiye uliyezileta, na pia wewe ndiye uliyezichelewesha, na mimi pia, na yeye pia, sitaki kurudia hesabu hiyo. Tulisema kila kitu. Akaniambia kuimba kwangu asubuhi kumemkera tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Nikamwambia chai yake ilikuwa chungu miaka yote. Akasema, "Ndiyo maana ulikuwa unaimba." Tulicheka mpaka mama wa kitanda cha jirani akatuzomea. Jumamosi akasema, "Leta kamba yako, upime huu uliobaki." Nikaona aibu, watu wanatazama. Akasisitiza. Nikampima. Mguu umepanuka kidole kizima kuliko kalibu ile, unyayo umelala, kifundo kimejaa. Nikamtajia vipimo kimoja kimoja. Akasema, "Basi ndiyo mimi huyo. Wewe ulikuwa unamshonea msichana mmoja hivi, hata mimi nilimfahamu zamani."

Usiku ule homa ikapanda, hakusema tena la maana. Aliniita mara moja. Nilikuwepo.

Watu wanakuja, wanakaa, wanasema alikupenda sana yule. Najua! Ndilo linaloniua. Angenipenda kidogo tu, kama wake wengine wanavyowapenda waume zao, angesema we mwanaume, vinabana, na leo angekuwa hapa ananisema. Mimi ningempenda kidogo ningempima kama mteja. Wewe ungempenda kidogo usingemtania, ungemwuliza. Tumependa sote watatu, na tumemzika. Niambie maana yake iko wapi. Nimeitafuta siku tano hizi kitandani, upande wake na upande wangu. Siku zile tatu ninazo, nazishika, na bado nikinyoosha mkono nagusa shuka.

Duka nimefunga. Kalibu zote nimezishusha nikawapa majirani wapikie. Ya kwake nilidhani nitaiweka, nayo nikaitoa. Watu wanapimwa, miguu inabadilika, halafu wanakufa, na mimi nimekaa pale nachonga mbao. Sishoni tena.

Jambo moja aliniagiza, sina budi kulifikisha. Alisema, "Dada naye akapime sukari. Muulize, utaona atakavyoliruka." Nakuuliza. Usiliruke.

Fundi


9 Juni

Fundi,

Pole. Nimeliandika neno hilo mara sita kwenye karatasi nyingine, nimezitupa, nimeona halikui kwa kuandikwa tena. Pole.

Habari za huku: mpiga pasi ameachika, mume alitoroka kama nilivyosema, na yeye ndiye anayenipikia uji. Karani wa getini ameniletea barua yako mwenyewe mpaka hapa, safi, bila doa, akaniinamia. Nikajua habari za msiba zimemfikia.

Swali lako siliruki. Sukari ninayo, mwaka wa nne huu. Nilijua, nikameza vidonge nilipokumbuka, nikanyamaza. Kwa Chiriku nilisema ni uzee. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimewaambia wengi methali hiyo kwa sauti kubwa. Ujumbe wako wa msiba haukunikuta kiwandani kwa sababu tangu tarehe tisa Mei nilikuwa nimelazwa. Msumari wa sakafuni ulipenya kwenye raba yangu, nikafanya nao kazi zamu mbili. Msumari mzima, Fundi, ndani ya mguu, nami nakimbilia nyuzi. Aliyeuona ni mpiga pasi, aliponiuliza mbona naacha alama nyekundu ukumbini.

Kwa hiyo siku mnamzika mdogo wangu mimi niko kitandani, na hakuna aliyejua habari akaja kunipigia kelele sikioni. Nimemlilia baadaye, kwa muda wangu. Hayo sikuandikii. Nilikuwa pia na hasira nawe, kwamba uliniambia siku zile tatu zilivyokuwa, na mimi sikuwepo hata moja. Halafu nikaisoma tena sehemu ile, ya chai chungu, na tena. Nadhani nimeisoma mara ishirini.

Unaniuliza maana. Unamwuliza kiziwi wa kiwandani? Miaka ishirini na sita nimefunga nyuzi. Nguo zote nilizozifunga zimeshachakaa, nyingine ni matambara ya kusugulia sakafu, nyingine zimezikwa na wenyewe. Nilijua zitaisha, na uzi ukikatika bado nilikuwa naukimbilia. Sijui kwa nini. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Basi, maana sina ya kukupa. Nilicho nacho ni mguu, na una shida.

Wananirudisha kazini mwisho wa mwezi huu, kwa sharti nivae kiatu cha kufunika, kigumu, kisichonichubua. Nimevijaribu vya madukani vyote. Kila kimoja kinanibana mahali, na mimi sisikii ni wapi. Hatari yake huhitaji kuelezwa.

Karatasi hizo mbili zilizokunjwa ni miguu yangu. Nesi amenichorea kwa penseli, jioni, ikiwa imevimba, nilimwambia asubiri jioni makusudi. Wa kulia una vidole vinne. Usidhani amekosea kuchora, cha tano nimekiacha hospitali. Unene wa juu aliupima kwa bendeji akaikata pale ilipokutana, nayo imo humu, imeandikwa kulia na kushoto.

Najua umeapa hushoni. Chonga mbao nyingine. Usinishonee kwa kumkumbuka mdogo wangu, mguu wake ulikuwa mzuri, wangu ni mbaya tangu ujana. Wala usinishonee ule uliouona siku ya arusi yenu nilipokukanyaga makusudi. Nishonee huu, wa tarehe tisa Juni. Daktari wa huku hana maneno ya kuficha, anasema huu nao hautadumu, mwaka, labda miwili. Ukibadilika nitachora mwingine, utashona vingine, mpaka kiishe kimojawapo, mguu au fundi.

Anza upesi, na vikibana nitakwambia.

Shemeji yako